Tano kwa Tano, na Kola Imepinda

Nilipokabidhiwa kazi ya kukusanya maoni ya wanafunzi kwenye darasa letu la ushonaji, Kariobangi, nilikuta fomu yenye namba 1 hadi 5. Karibu wote walizungushia 5. Kola nazo zilikuwa zikitoka zimepinda.

Sikuona kama ni uongo. Aliyezikusanya fomu ni mwalimu mwenyewe, na nani atamchongea mtu aliyemfundisha hata kutia uzi kwenye sindano? Hapa Nairobi abiria humpa dereva wa teksi nyota tano akijua tatu zitamgusa riziki. Hata YouTube ilitangaza mwaka 2009 kwamba nyota tano ndizo zilizotawala kura zake, na mwaka uliofuata ikaleta kidole gumba, juu au chini.

Gumba lisingenifaa, maana nilitaka kujua mtu amekwama wapi. Wala sikutaka "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", mtindo uliotokana na Rensis Likert, Mmarekani, mwaka 1932. Watu wengi hukubali tu wanachosomewa, hasa mbele ya mkubwa.

Basi nikaondoa namba, nikaandika hali zenyewe. Kwa kola: "Naishona na naweza kumwonyesha mwenzangu." "Naishona mwalimu akiwa karibu." "Nakwama." "Sikuwepo." Hilo la mwisho usilidharau; asiyekuwepo akikosa mahali pake atatia alama popote, mara nyingi katikati. Swali la zamani, "Mwalimu anaeleza vizuri na kwa upole", nililifuta. Mpole asiyeeleweka utamjibuje hapo? Chini nikaacha mstari mmoja: ulikwama hatua gani? Majina hapana, na kisanduku nikakiweka kwa mama wa chai, mbali na meza ya mwalimu.

Mwenzangu wa ofisini alilalamika: "Sasa wastani utautoaje, dada?" Nikamwambia nitahesabu waliokwama, basi.

Fomu za kwanza zilijaa "mwalimu akiwa karibu", na kwenye mstari wa chini wengi waliandika jambo lile lile: kugandisha kitambaa kigumu cha ndani kwa pasi kabla ya kushona. Mwalimu alizisoma kimya, uso umekunjamana kidogo, nami sikumlaumu. Somo hilo alilirudia wiki iliyofuata, pasi mkononi, mwanafunzi mmoja mmoja. Kisha akanijia akitaka niongeze safu ya zipu.