Unafuga nguruwe au unafuga huruma?

Nimeamka saa kumi usiku na maneno yaleyale kichwani: "Dada, unafuga nguruwe au unafuga huruma?"

Mnunuzi hakucheka alipoyasema. Kaja Chanika na pikipiki kutafuta nguruwe wa kitimoto. Nikamkanyagisha kwanza kwenye dawa pale getini, maana anapita mabanda mengi na homa ya nguruwe haina tiba. Akashika seng'enge, akamwangalia yule dume mweusi, akasema mweupe wa bandani kwa umri ule angeshauzwa zamani.

"Kaka, hawa ni wa kienyeji, wana mwendo wao."

"Na ada ya watoto inasubiri mwendo wao?"

Ndipo akaniuliza lile la huruma. Nikanyamaza. Tangu Jumanne namjibu kwenye daladala, jikoni, hata kanisani wakati wa matangazo. Kwamba maziwa ya nguruwe yana madini ya chuma kidogo mno, vitoto vya kwenye saruji huchomwa sindano ya madini hayo, vyangu vinachimbua udongo na kujipatia. Kwamba ngozi nyeusi inalistahimili jua hili. Kwamba wanaofugwa nje si wa kuzurura: uzio ni mzima na choo kina mlango, kwa sababu nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, ugonjwa unarudi mezani kwetu. Yote hayo nayajua. Kwa nini sikuyasema?



Jana jioni, siku ya 113 ya mimba, nguruwe jike wangu, Mama Kubwa, akaanza kukata nyasi. Anabeba mdomoni, majani makavu ya mgomba pia, anapanga chini ya mwembe, anazunguka, analala, anainuka, anapanga upya. Jike aliyefungiwa kwenye kizimba cha chuma ana hamu hiyohiyo, ila anaparuza sakafu tupu. Nilisimama pale mpaka mbu wakanifukuza.

Asubuhi wako saba! Weusi wote, mmoja ana kwato nyeupe. Sijui machozi yalitoka wapi.

Nikampigia Bibi kule Mbinga, maana mbegu hii ilitoka kwake. Hakuuliza wangapi.

"Kajitandikia mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi huyo ni wetu."

Halafu akakohoa, akakohoa tena, muda mrefu. Akasema ni vumbi, alikuwa anafagia uwanja. Lakini shangazi aliniambia juzi kwamba Mbinga mvua haijakatika wiki nzima.