Jumamosi mlangoni: maiti moja, maonyesho mawili

Watu hudhani msimamizi wa ukumbi kazi yake ni kuchana tiketi. Tiketi huchanwa na vijana. Kazi yangu ni kuona kwamba kicheko kinapata pa kukaa, na asiyetaka kucheka anapata pa kutokea. Wiki hii hapa Nairobi tuna mchezo wa kuchekesha kuhusu familia inayogombania maiti ya baba: mke anataka azikwe makaburi ya Lang'ata, hapahapa jijini, ukoo unamtaka nyumbani kijijini, na jeneza liko jukwaani mwanzo hadi mwisho.

Saa tatu asubuhi: vyoo, taa za njia ya dharura, chai.

Saa tano: mpango wa viti. Ukumbi una viti 260, safu 13 za viti ishirini, na tiketi za alasiri zilizouzwa ni 118. Ukiwaacha watu wakae wapendavyo watatawanyika, na mchezo utafia mikononi mwako. Mtu aliyezungukwa na viti vitupu huona haya kucheka mbele ya jeneza. Hungoja mwenzake aanze, na mwenzake yuko safu nne mbele akimngoja yeye. Kwa hiyo nafunga safu sita za mwisho kwa kamba, watu wabanane bega kwa bega. Watanung'unika dakika tano, basi.

Wahakiki wawili watakuja jioni. Huwaweka safu ya tano au ya sita, kiti cha kando ya njia, waone jukwaa zima na waweze kutoka bila kukanyaga watu. Siwaketishi pamoja kamwe, maana mmoja akikunja uso na wa pili atakunja. Wala siwazungushii jamaa za waigizaji. Hao wameusikia mchezo nyumbani wakati wa mazoezi, hucheka kabla mzaha haujafika, na mhakiki hung'amua mara moja kwamba amepangiwa wachekaji.

Saa nane na nusu milango inafunguliwa. Tangazo limebandikwa pale mtu hawezi kulikwepa: mchezo una maiti, matusi na mlio wa risasi. Maneno hayohayo yamo kwenye tiketi. Waliochelewa husubiri nje hadi taa zizimwe mara ya kwanza, dakika ya 11, kwa sababu onyesho linaanza na sala ya kimya, na tochi moja kwenye njia inatosha kuivunja.

Saa tisa linaanza. Nasimama nyuma na daftari. Anayetoka naandika dakika, kiti, na kama amerudi. Aliyetoka na simu sikioni hajachukizwa na kitu. Anayebeba mkoba na koti akapita mbele za watu katikati ya mzaha, huyo ndiye. Watatu wakitokea palepale siku tatu mfululizo, mwongozaji anaambiwa. Si lazima abadilishe, ila ajue.

Watu wa alasiri hucheka kamati ya matanga, michango na sufuria zilizopotea, kisha jeneza likifunguliwa wananyamaza. Wa jioni hucheka jeneza lenyewe. Na kuna wale wenye mvi, ambao mke na ukoo wakifika mahakamani hawacheki kabisa, wanatikisa kichwa tu. Wanakumbuka wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa. Kimya chao si kuchukia. Nakiandika pia.

Wiki ya kwanza anayeigiza mjomba alianza kuwakonyeza watazamaji. Vicheko vikapungua. Mjomba lazima aamini kwamba ana haki ya kurithi saa ya marehemu. Akijua tu kwamba anachekesha, imekwisha. Mwongozaji alimrudisha kwenye uzito wake.

Kati ya maonyesho tuna dakika hamsini: kufagia njugu, kufungua zile safu sita, chipsi baridi nikiwa nimesimama.

Saa moja na dakika arobaini, mapumziko ya jioni, mzee akanijia na tiketi sita mkononi.

"Binti, nani ameruhusu takataka hii?"

"Pole sana, mzee wangu. Njoo tukae hapa."

Kwanza unamtoa kwenye macho ya foleni, maana hasira ikipata hadhira hukua. Pili unamketisha, aliyeketi hushusha sauti. Tatu, usithubutu kumweleza kwamba ni mzaha tu. Alitaka shilingi 6,000, tiketi zote sita. Kanuni yetu ni kurudisha hela ya kiti cha anayeondoka, basi. Nikamuuliza wale watano wengine wako wapi.

"Ndani."

"Wanatoka?"

Akamwita mkewe. Mama akachungulia na sambusa mkononi: "Baba nanii, ngoja kidogo, bado hatujajua saa itachukuliwa na nani."

"Kwetu maiti hachekwi," mzee akaniambia mimi. Sikumjibu, ingawa jibu lipo hapo jirani tu: Tanzania, watani, yaani watu wa makabila yenye desturi ya kutaniana, huja msibani wakamwigiza marehemu, wakazuia mazishi mpaka walipwe, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

Kengele ikalia. Mzee akabaki barazani na chai. Kipande cha pili ni dakika hamsini, na kila ukumbi ulipolipuka alinigeukia.

"Sasa wamecheka nini?"

"Mjomba amekaa juu ya jeneza."

Kimya. Kisha: "Mjomba yupi?"

Hivyo hadi mwisho, huku miguu ikiwaka moto na daftari likinisubiri. Sikumbuki ukumbi uliisha watu saa ngapi. Mhakiki mmoja alikwenda moja kwa moja garini. Wa pili aliomba urefu wa onyesho na tahajia za majina. Karatasi yake huwa tayari, huzuia makosa mengi gazetini. Hakuna aliyewasikia wakicheka, na hilo halina maana yoyote: mtu anayeandika gizani hana nafasi ya kucheka.

Ripoti: alasiri 118, waliotoka 3, aliyerudi 1. Jioni 204, waliotoka 5, waliorudi 2, mmoja barazani. Simu zilizolia 4, moja kwenye sala. Kurudisha 1,000, mhasibu, Jumatatu. Kiti F9 kinalia mtu akiegemea, na kwenye sala kinasikika hadi jukwaani. Kitiwe mafuta kabla ya saa nane na nusu kesho.