Jumamosi alfajiri, mwamba utaamka

Dhoruba ya mbali inatuletea sisi tunaoteleza kwa ubao baharini mawimbi yanayopishana kwa sekunde 16. Namba hiyo naiangalia kabla hata ya kimo cha wimbi. Wimbi la sekunde 16 huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 200 hivi, la sekunde 8 kwenye mita 50 tu. Ndiyo maana lile la sekunde 16 hujipinda kuufuata mwamba, kisha likainuka ghafla, zito kweli kweli. Nalipenda mno!

Alfajiri upepo utavuma kutoka nchi kavu. Kufikia saa nne utageuka na kuyavuruga maji. Nitaingia mapema, maji yakiwa nusu yanajaa. Ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hivyo yakipwa kabisa matumbawe yatakuwa karibu mno. Mnaojifunza, tafadhali subirini maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, wiki ijayo.