Nilivyofika mpaka kuyaona maji ya sikio langu kwenye MRI

Kama umewahi kuambiwa MRI yako iko safi na bado dunia inakuzunguka, soma yangu.

Ilianza kama utani. Sikio la kushoto linaziba kama nimetoka kuogelea, halafu linavuma, mvumo mzito kama jenereta ya mbali, nikishausikia huo najua nina dakika chache za kutafuta pa kulala. Shambulio lenyewe masaa mawili matatu, natapika, macho hayatulii, nimeshalala sakafuni bafuni nimekumbatia ndoo naogopa hata kugeuza shingo. Likipita sikio linabaki zito, sauti nene nazisikia nusunusu.

Odiogramu, kile kipimo cha usikivu, ilionyesha kweli sauti za chini zimeshuka upande huo, daktari akahisi ni Meniere, ugonjwa wa maji kuzidi kwenye sikio la ndani, akanituma MRI. Nikachomwa kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, nikapigwa picha palepale, ripoti ikarudi hamna kitu. Nilikasirika bwana, nilijiona kama nimedanganya watu. Kumbe ile picha ilikuwa inatafuta uvimbe kwenye neva ya kusikia, kuondoa hiyo hofu kwanza, maji haikuwa na habari nayo.

Daktari wa pili ndo akanielewesha. Alisema sikio la ndani lina maji ya aina mbili, endolimfu iko kwenye kimfuko chembamba na perilimfu imekizunguka, chukua mfuko wa plastiki wenye maji utumbukize kwenye ndoo ya maji, ndo hivyo. Kwenye MRI ya kawaida yote mawili yanang'aa sawa, huoni mfuko unaishia wapi. Sasa gadoliniamu, ndo hiyo kontrasti, ukichomwa mshipani inapenya taratibu kwenye perilimfu ila kwenye endolimfu haiingii, ukisubiri kama masaa 4 perilimfu inawaka na endolimfu inabaki nyeusi, na kama mfuko umevimba unauona weusi wake. Wajapani wa Nagoya waliionyesha hii mwaka 2007, wao walipitisha dawa kwenye ngoma ya sikio wakasubiri siku nzima. Kabla ya hapo huo mfuko uliovimba ulikuwa unaonekana kwenye masikio ya marehemu tu, tangu 1938, yaani ili uthibitishiwe ugonjwa ilibidi uwe umeshakufa!

Basi nikaanza kutafuta. Sehemu ya kwanza nilipopiga simu wakaniambia "sisi tukichoma dawa tunapiga hapohapo", nikashukuru nikakata. Nilichojifunza ni kwamba karatasi ya daktari lazima iandikwe wazi, mashine yenye sumaku ya Tesla 3, picha ya aina ya 3D-FLAIR, masaa 4 baada ya dawa, ukiandikiwa "MRI ya masikio" tu utarudishiwa ripoti ileile ya kwanza. Nikapimwa figo kwanza kwa sababu ya gadoliniamu, nikachomwa saa 3 asubuhi, kisha nikakaa kwenye benchi mpaka saa 7 mchana nikiomba tu shambulio lisinikute hapo.

Kuingia kwenye mashine nikahisi nazunguka polepole, nikajua leo nimekwisha. Radiografa akacheka, "kaka hiyo ni sumaku, hata wazima inawapata." Nikaja kusoma ni kweli, sumaku kali inayasukuma hayohayo maji ya sikio kwa sababu yana chaji za umeme zinazopita ndani yake, watafiti waliieleza 2011. Akaniambia tu nisimeze mate ovyo, kinachopigwa ni kitu cha milimita chache, ukitikisika kidogo picha inapakaa na mnarudia. Jaribu kutomeza mate ukiwa umeambiwa usimeze, mdomo unajaa kama bomba limefunguliwa.

Daktari akanifungulia picha kwenye skrini, masikio mawili pembeni kwa pembeni. La kulia, kwenye chumba cha mizani ya mwili, madoa mawili meusi madogo yametengana, ni vifuko vya endolimfu, moja sakuli jingine utrikuli, sakuli ndo dogo. La kushoto hakuna madoa mawili, ni bonge moja jeusi limekula zaidi ya nusu ya chumba, na perilimfu iliyobaki pembeni inawaka kuliko ya kulia, akasema ukuta kati ya damu na sikio unavuja upande huo. Niliangalia lile bonge muda mrefu, mwaka mzima nimeambiwa ni stresi.

Nikamwambia kama ndo hivyo nichome dawa ya jentamaisini iue mizani ya upande huo tumalize. Akarudi kwenye sikio la kulia, akavuta picha karibu, kwenye koklea, sehemu ya kusikia, kuna sehemu nyembamba nyeusi imetuna kidogo, na mimi upande huo sijawahi kusikia hata mlio. "Hili nalo likija kuamka umeshaua jenzake utatembeaje?" Sikuwa na jibu. Tumekubaliana tuanze na steroidi ndani ya sikio, chumvi nimeshapunguza, sindano ya kwanza ni Alhamisi.