Wifi, kazi na makofi

Tumehama hatimaye, na Baba Watoto ameipata ile barua aliyoisubiri tangu mwaka jana. Hayo nitawasimulia siku nyingine. Leo naandika kwa sababu ya maneno machache ya wifi yangu mkubwa ambayo hayajanitoka.

Mnamjua, ni yule yule wa sakata la kamati ya harusi. Alikuja kutusaidia kutundika mapazia. Yeye juu ya kiti, pini kazibana midomoni, mimi chini nimeshika kitambaa, watoto wamekaa sakafuni wanatazama mpira wa wavu wa ufukweni kwenye simu ya baba yao. Marudio ya Olimpiki ya Paris. Baba yao akapita, akachungulia, akasema, "Huyu si yule Mholanzi aliyezomewa?"

Ndiye. Steven van de Velde. Mwaka 2016 mahakama ya Uingereza ilimhukumu kifungo cha miaka minne kwa kumbaka mtoto wa miaka 12. Akahamishiwa kwao Uholanzi, akatoka mwaka uliofuata, na mwaka 2024 akawa anacheza Olimpiki kwenye mchanga karibu na Mnara wa Eiffel. Nikawaambia watoto watafute kingine cha kutazama.

Ningeishia hapo. Lakini mnaijua kazi yangu ya kuajiri watu, na mnajua nikiguswa hapo sinyamazi. Nikasema kwamba pamoja na uchafu wote huo, mtu akimaliza kifungo amemaliza. Tukimfungia na mlango wa riziki tunamwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitoa. Nikamtaja na kijana wetu wa stoo kazini, niliyemwajiri baada ya kutoka gerezani.

Wifi akajibu pini zikiwa mdomoni: "Kazi mpeni. Makofi msinilazimishe."

"Makofi ni sehemu ya kazi yao, wifi."

"Basi hiyo si kazi."

Akachomeka pini, akanyoosha mkono apewe pazia la pili.

Tangu siku hiyo najibizana naye peke yangu. Nikioga namjibu, nikisubiri lifti namjibu. Basi hiyo si kazi! Kinachonikera ni jinsi alivyolisema, bila hata kupandisha sauti, kama anayenisomea vipimo vya dirisha.

Kwangu ni kazi. Kuna mkataba, kuna mshahara, kuna kodi, na kuna kuachwa ukiumia goti. Tena ni kazi fupi kuliko nyingi. Mimi nikifungwa miaka mitatu, nikitoka bado naweza kukaa mezani na kupitia majalada. Mchezaji akipoteza miaka mitatu, amepoteza kipande kikubwa cha maisha yake ya uwanjani. Kwa hiyo tayari kalipa zaidi ya yule wa stoo. Wanaofuatilia hapa wanakumbuka siku ya usaili wake, alivyoitoa mwenyewe ile barua ya kuachiwa, imekunjwa ikakunjika, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza yangu kabla sijamuuliza lolote. Nilimpitisha siku ile ile.

Halafu namkumbuka Lee Hughes, na hapo wifi ananipata. Alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion, klabu ya soka ya Uingereza. Novemba 2003 alisababisha ajali, mtu akafa, yeye akaondoka eneo la ajali na kujisalimisha polisi saa 36 baadaye. Akafungwa miaka sita, akatumikia mitatu, na alipotoka mwaka 2007 klabu ya Oldham ikamsajili. Sioni kosa kwenye huo mkataba. Ila mshambuliaji akifunga goli, uwanja unasimama na kuliimba jina lake. Stoo hakuna anayeimba.

Na Michael Vick je, yule wa mpira wa Kimarekani? Mwaka 2007 alikiri kosa la kushiriki mtandao wa kupiganisha mbwa, akahukumiwa miezi 23. Mwaka 2009 akachukuliwa na timu ya Philadelphia Eagles, na kwa msimu wa 2010 akatunukiwa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo. Tuzo! Yaani kurudi kwenyewe kukawa jambo la kupewa zawadi. Kwa haki yake, alizunguka pia kuzungumza na vijana dhidi ya mapigano hayo ya mbwa, na hiyo ni kazi iliyofaa hata bila mtu kumshangilia.

Jumatano usiku nikampata wa kumnyamazisha wifi. Nusura nimpigie simu muda ule ule. Ched Evans! Mwanasoka huyu alifungwa mwaka 2012 kwa ubakaji, akatoka Oktoba 2014. Klabu yake ya zamani, Sheffield United, ikamruhusu afanye mazoezi. Watu zaidi ya 150,000 wakatia saini kupinga, na Jessica Ennis-Hill, bingwa wa Olimpiki, akasema akisajiliwa tena basi jina lake liondolewe kwenye jukwaa la uwanja huo. Klabu ikarudi nyuma. Januari 2015 Oldham nao wakaghairi. Kisha Aprili 2016 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu, kesi ikasikilizwa upya, na Oktoba mwaka huo akaonekana hana hatia. Umeona, wifi? Jukwaa linalojipa kazi ya hakimu linaweza kumfunga mtu ambaye mahakama yenyewe itakuja kumwachia. Nililala nimeshinda kesi.

Asubuhi ushindi ukayeyuka. Najua atakavyonijibu: huyo si mfungwa aliyerudi, huyo ni mtu aliyesafishwa na mahakama, niletee aliyetenda kweli. Na pini zitakuwa mdomoni.

Ijumaa tukawa na kikao cha kumuaga meneja mkuu. Katikati ya hotuba likatajwa jina la kijana wa stoo, kwa sababu hesabu ya mali imefungwa na hakuna kilichopungua. Ukumbi ukampigia makofi. Mhasibu wetu hakupiga. Alikaa anafungua na kufunga kifuniko cha kalamu yake hadi makofi yakaisha. Sababu zake nazijua na si za kuandikwa hapa. Kijana alimwona, nina hakika, kwa sababu aligeuza macho haraka akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwambia yule mama apige. Na hakuna atakayegusa mshahara wa yule kijana kwa sababu mama yule hakupiga. Nilitoka pale nimechangamka ajabu, siwezi hata kueleza vizuri kwa nini. Wote wawili waliingia kwenye chumba kimoja na kila mmoja akatoka na chake.

Kwa hiyo klabu imsajili anayetaka, na anayezomea azomee. Ninapokwama ni kwenye jezi ya taifa. Timu ya taifa haiajiri, inateua. Inashangilia kwa niaba ya kila mwenye pasipoti ile, apende asipende. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilisema uteuzi ni wa kamati za nchi, Waholanzi wakasema van de Velde ametimiza vigezo. Halafu wakamlaza nje ya kijiji cha wanamichezo na kumwepusha na waandishi wa habari. Mimi sijawahi kumwajiri mtu kisha nikamficha wageni wakija. Kama wanajua lazima afichwe, walimteua wa nini?

Ningefurahi kuishia hapo, lakini Mohammad Amir, mrusha mpira wa kriketi wa Pakistan, ananivurugia. Alikuwa na miaka 18 alipokubali kukanyaga mstari makusudi wakati wa kurusha mpira, pale kwenye uwanja wa Lord's, London, mwaka 2010, kwa sababu ya watu wa kamari. Mwaka 2011 akafungwa, na kriketi ikamfungia miaka mitano juu yake. Mwaka 2016 akarudi Lord's ile ile na jezi ya Pakistan. Mwaka uliofuata, kwenye fainali ya Champions Trophy, akawatoa wapigaji watatu wa kwanza wa India, vigogo watupu, na mimi nikashangilia hadi Baba Watoto akaniomba nipunguze. Jezi ya taifa, na sijuti hata kidogo.

Nimelizungusha sana kichwani, nikapata hili: Amir aliukosea mchezo, na mchezo wenyewe ndio uliompa adhabu yake na kumfungulia mlango. Aliyekosewa alikuwa na sauti. Yule mtoto aliyebakwa na van de Velde, hakuna kamati iliyompa kura.

Wifi anarudi wiki ijayo kumalizia chumba cha watoto. Sijaamua kama nitalianzisha.

Jana Mama alipiga simu. Akanisimulia kisa cha jirani aliyejifungia nje, tukacheka sana. Kabla hatujaagana akakisimulia tena, tangu mwanzo, na alipofika mahali pa kucheka akatulia kunisubiri. Nikacheka. Nimemuuliza Kaka kama naye ameona chochote, anasema ni uchovu tu wa safari. Mama hajasafiri.