Heller Tano za Tabora

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu aliyefika nyumbani kwa bibi yangu mjini Tabora alikuwa na mizani ya kuning'iniza, na alikuwa tayari kuzipima sarafu zote za marehemu babu pamoja na bomba lililovunjika na sufuria zilizotoboka. Bibi aliafiki bila kusita. Aliyemzuia ni mjomba wangu, fundi mstaafu wa reli, ambaye alidai kwamba sarafu zile zilitengenezwa na mafundi wa karakana ya reli, hivyo haziwezi kwenda kwa kilo kama misumari.

Kesho yake mimi na mjomba tulizipeleka kwa sonara mzee karibu na soko. Nyingi zilikuwa za heller 20 za mwaka 1916 (heller ilikuwa chenji ya rupia katika koloni la Wajerumani hapa kwetu), nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba njano, zote zikiwa na herufi T, yaani Tabora, chini ya tarehe. Mjomba alimwamkia, akaeleza historia kwa kirefu, na nakiri kwamba aliieleza vizuri kuliko mwalimu wangu: kwamba vita vilipoanza mwaka 1914 manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, sarafu mpya zikakosa namna ya kufika kutoka Ujerumani, watu wakaificha fedha halisi na kuzitilia shaka noti za karatasi, hata serikali ya Kijerumani ya Gavana Heinrich Schnee, iliyokuwa imehamia Tabora, ikaamua kugonga chenji yake yenyewe kwa maganda ya risasi na shaba yoyote iliyopatikana. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke iligongwa pia sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kazi hiyo ilikoma kabla Wabelgiji hawajauteka mji tarehe 19 Septemba 1916.

Sonara alisikiliza kwa adabu, lakini mkono wake ulikuwa ukizisogeza kando zile za heller 20. Ziligongwa zaidi ya milioni moja, alisema, na hizi zimesuguka. Moja hata ilikuwa imetobolewa ili ivaliwe kidani, jambo linaloiondolea thamani kwa mkusanyaji wa sarafu. Mkono ukasimama kwenye kisarafu kidogo cha njano ambacho mimi nilikidhania kuwa ni kifungo. Kilikuwa heller 5. Za aina hiyo ziligongwa takriban laki tatu tu, bila tundu katikati, tofauti na zile za mwaka 1913 zilizotoka Ujerumani. Kwa hiyo iliyokuwa na thamani ndogo sokoni wakati wa vita ndiyo iliyokuwa adimu zaidi mezani pale. Alitaja bei, kisha akaongeza, kwa uaminifu ambao wafanyabiashara wengi hawana, kwamba kwenye sarafu hizo za heller 5 taji lililochorwa lenye kitako bapa ni adimu kuliko lenye kitako kilichopinda, na kwamba yeye haoni vizuri tena.

Bibi alipoelezwa, aliamuru za heller 20 ziuzwe zote, ile ndogo ibaki mpaka taji lake lijulikane. "Mwanangu, mtu asiyeona ataijuaje bei?" alimwuliza mjomba.

Baadaye niliazima lenzi shuleni. Kitako kilikuwa kimepinda, kwa hiyo ilikuwa ya ile aina ya kawaida, na bei ya sonara ilikuwa ya haki. Bibi hakuiuza hata hivyo.