Fila ndiyo ya kuogopwa zaidi, si Botox

Neno "sumu" limewafanya wengi waiogope Botox, dawa ya sindano inayolegeza misuli ya uso, huku fila, jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kuijaza, wakiichukulia kama urembo mwepesi tu. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Botox halisi, kwa vipimo vya usoni, ikikosewa mara nyingi kosa huisha lenyewe baada ya wiki kadhaa. Fila ikiingia kwenye ateri inaweza kuozesha ngozi au kupofusha jicho, na jicho halina wiki kadhaa za kusubiri.

Tuanze na Botox, kwa kuwa maelezo yake ni mafupi. Ni sumu, protini inayotolewa na bakteria Clostridium botulinum. Huzuia ncha za neva zisitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli ukilegea, mikunjo ya ngozi iliyo juu yake hulainika. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku 3 hadi 5, hukamilika kama siku ya 14, na hudumu miezi 3 hadi 4. Anayekimbilia kuongezewa dozi siku ya nne anaongezewa juu ya dawa ambayo haijamaliza kazi.

Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, matumizi yaliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2002, dozi ni yuniti 20 zilizogawanywa sehemu 5. Yuniti za Dysport, dawa nyingine ya aina hiyohiyo, ni kipimo kingine kabisa: mikunjo hiyohiyo huhitaji 50. Kwa hiyo ukiambiwa "yuniti 20", uliza za dawa gani. Dawa huja ikiwa kavu ndani ya kichupa, ikachanganywa na maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Kichupa cha yuniti 100 kikitiwa mililita 2.5, kila mililita 0.1 ina yuniti 4. Maji yakizidi, unalipia sindano nyingi zenye dawa kidogo.

Kope hulegea pale dawa inaposambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, hasa ikidungwa karibu mno na ukingo wa mfupa wa juu ya jicho. Matone ya apraklonidini huinua kope kidogo wakati dawa ikiisha nguvu. Lakini ukianza kuona viwiliviwili, sauti ikabadilika, kumeza kukawa kugumu au pumzi ikapungua, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo, hata kama zimepita siku kadhaa. Mwaka 2024 kuna watu Marekani waliolazwa kwa dalili za namna hii baada ya kudungwa Botox bandia. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, kama miasthenia, waiache.

Sasa fila. Inayotumika zaidi ni jeli ya asidi ya haialuroniki, kwa kawaida mililita 1 katika bomba la sindano. Hatari yake inatokana na ramani ya uso wenyewe. Ateri za katikati ya nyusi, za pua na za paji la uso zimeungana na ateri inayolisha jicho. Ncha ya sindano ikiwa ndani ya ateri na bomba likasukumwa kwa nguvu, shinikizo huishinda damu na kuirudisha jeli nyuma hadi penye njia panda ya jicho. Mdungaji akiacha kusukuma, damu huibeba jeli mbele, mpaka retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina isiyopata damu huanza kufa ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Pua na katikati ya nyusi si mahali pa mwanafunzi kujifunzia.

Mdungaji makini husukuma polepole, kiasi kidogo mno kila mara, chini ya mililita 0.1. Inapofaa hutumia kanula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu, ya geji 25 (kipimo cha unene) au nene zaidi. Kanula nyembamba sana hutoboa ateri kama sindano tu. Kuvuta pampu nyuma kutazama kama damu itaingia ni jambo jema, ila damu isipoonekana hiyo si hakikisho.

Dalili ya kwanza ya ateri kuziba ni ngozi kugeuka nyeupe ghafla, kisha mabaka kama wavu. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni mgumu kuuona, kwa hiyo bonyeza na uachie: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, kuna tatizo. Usisubiri maumivu, kwa sababu fila nyingi zimechanganywa na ganzi ya lidokeini. Vipele vyenye usaha vikitokea siku chache baadaye, ngozi imeshaanza kufa; wengi hudhani ni chunusi.

Tiba ni haialuronidesi, kimeng'enya kinachoyeyusha jeli. Mdomo mmoja ambao ateri yake imeziba huhitaji takriban yuniti 500, zikirudiwa kila saa hadi damu irudi, na eneo kubwa huhitaji zaidi. Kichupa kimoja cha yuniti 1500 kinaweza kwisha mapema. Basi swali la kumuuliza mdungaji kabla ya jingine lolote ni hili: una vichupa vingapi hapa, sasa hivi? Akisema ataagiza, ondoka. Fila za kalsiamu na za asidi ya polilaktiki haziyeyushwi na kimeng'enya hicho, na silikoni ya maji haitoki kirahisi kabisa, isidungwe usoni. Kalamu zinazosukuma fila bila sindano nazo ziachwe, maana hakuna anayeweza kudhibiti jeli itafika kina gani.

Matibabu ya meno yasogezwe wiki 2 kabla au baada ya fila, kwa kuwa bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kutua kwenye jeli na kuleta uvimbe mgumu miezi kadhaa baadaye. Mwenye historia ya malengelenge ya midomo aseme mapema ili apewe asiklovia, dawa ya kuzuia virusi vyake. Na kabla hujaondoka, piga picha stika ya fila yenye namba ya bechi, na uchukue namba ya simu inayopokelewa usiku.